Sura ya 6: Hamsini kwa Mia

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona, alifanya jambo ambalo maafisa wa mipango ya miji walikuwa hawajalifanya kwa lugha ya raia. Alituchorea mahali Nairobi inapoishia. Hakutaja Kaunti ya Nairobi peke yake. Alitaja daraja la mto Chania kule Thika, akataja Rironi na Ndenderu na Kiambu mjini, akashuka hadi Athi River na Katani, akazunguka Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong. Aliyekuwa ndani ya mstari huo aliruhusiwa kuendelea na shughuli zake humo humo, kafyu ikiruhusu. Aliyekuwa nje alibaki nje. Amri ilianza saa moja jioni siku hiyo hiyo, na Pasaka ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Kwa maneno mengine, serikali ilikubali hadharani kwamba mtu anayelala Ruiru ni mtu wa Nairobi, hata kama cheti cha nyumba yake kinasoma Kiambu. Kila alfajiri huamka gizani, hupanga foleni barabarani, hufika ofisini akiwa amekwisha kuchoka, na jioni hurudia yote kwa kurudi nyuma. Anakolala ni chumba cha nyuma cha jiji. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulizuka pale watu wa ndani ya mstari walipoanza kulilia kwao. Wakati ule simu kati ya Nairobi na Meru zilikuwa na swali moja: mtafikaje? Wapo waliojaribu kupita usiku kwa pikipiki na kwa miguu, wakarudishwa na polisi. Nyumba walikuwa nazo Nairobi, nzuri, zenye maji ya mfereji na geti la chuma. Ila walitaka kwenda nyumbani, na nyumbani kulikuwa Kiirua.

Msomaji ana haki ya kuuliza: sura inayohusu vitongoji vya wenye nacho inatafuta nini Kiirua? Kiirua ni kituo cha soko katika eneobunge la Buuri, kaskazini mwa Mlima Kenya, upande ambao mlima unamalizia mvua yake kabla ardhi haijaporomoka kuelekea joto la Isiolo. Ni mahali pa viazi, kabichi, njegere na maharagwe. Ukielekea Timau unakutana na ngano na vibanda vya maua ya kuuzwa Ulaya. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa imeupeleka umaarufu wa jina hilo mbali kuliko kitu kingine chochote. Mji wa Meru uko karibu, Nairobi iko zaidi ya kilomita 200. Hakuna treni ya abiria wa asubuhi, hakuna uwanja wa gofu.

Jibu langu ni kwamba kitongoji cha Nairobi hakieleweki ukikitazama chenyewe. Ni lazima ujue mwenye nyumba anatoka wapi, kwa sababu fedha yake huko kitongojini inapita tu. Inakwenda kusimama mahali pengine, ikageuka mawe, vigae na tangi la maji juu ya mnara.

Wenzetu walianza kwa njia nyingine. London, kampuni ya reli ya Metropolitan ndiyo iliyouza wazo la kukaa nje ya mji. Kuanzia 1915 ilitangaza eneo lililo kandokando ya njia yake kwa jina la Metro-land, ikiwa na hamu ya kuuza tiketi kama ilivyokuwa na hamu ya kuuza viwanja. Marekani, kampuni ya akina Levitt ilianza 1947 kumwaga maelfu ya nyumba zinazofanana katika kisiwa cha Long Island, na watu wa Kiirua watapenda kujua kwamba mengi ya mashamba yaliyomezwa yalikuwa ya viazi. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilimzuia mtu asiye mzungu kukaa humo. Nairobi haikuhitaji kuazima wazo hilo. Muthaiga na Karen zilijengwa kwa ajili ya wazungu, na Mwafrika aliyelala huko alilala nyuma ya jiko, akiwa mpishi au mtunza bustani. Mji wenyewe ulimchukulia mfanyakazi Mwafrika kuwa mpita njia: kipande shingoni, kitanda Pumwani au Kariokor, mke na shamba huko alikotoka. Hakutarajiwa kuzeeka mjini.

Uhuru ulipokuja 1963, wachache walihamia Muthaiga na wengi wakaupata mji, lakini ile tabia ya kuuchukulia mji kama kambi haikuondoka. Ilipanda cheo tu. Mjukuu wa mpishi sasa ni mhasibu, ana gari, ana nyumba ya vyumba vinne mahali palipokuwa shamba la kahawa, na bado anasema anaishi Nairobi "kwa sababu ya kazi".

Hata upande wa mji anaochagua unamsaliti. Angalia kwa makini watu walivyojipanga kuizunguka Nairobi. Wa Ukambani wengi wako Mlolongo, Athi River, Syokimau, kandokando ya barabara ya Mombasa, kule kunakoelekea Machakos. Wa Mlima Kenya wamejaa barabara ya Thika: Kasarani, Githurai, Kahawa Wendani, Kahawa Sukari, Ruiru, Juja. Si sheria ya chuma, na kodi ya nyumba ina usemi wake, ila mtu hupenda kukaa kwenye mlango unaotazama kwao. Mmeru wa Ruiru, Ijumaa ikifika, ameshaukwepa msongamano wa katikati ya jiji. Anashika barabara, Makutano ya Mwea, Embu, Chuka, Nkubu, na kabla ya usiku wa manane anabisha geti la Kiirua. Barabara Kuu ya Thika, kama kilomita 50, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012, tuliambiwa ni ya kurahisisha safari ya kazini. Ni kweli. Lakini ilirahisisha pia safari ya kutoroka kazini, na hesabu hiyo sijaona ikipigwa.

Barabara hiyo ilivuta nyumba kama taa ivutavyo kumbikumbi. Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282 katika sensa ya 2009. Miaka kumi baadaye walikuwa 2,417,735. Kahawa iling'olewa. Tatu City, mji wa binafsi uliopangwa kwenye ekari zipatazo 5,000 pale Ruiru, unasimama kwenye ardhi ya kahawa, nao ni mmoja tu kati ya kadhaa. Sensa, kwa kawaida yake, humhesabu mtu alipolala usiku wa kuhesabiwa, na mwaka 2019 usiku huo ulikuwa wa tarehe 24 Agosti. Ingekuwa Desemba 24, Meru ingepata mgao mkubwa zaidi wa fedha za kaunti.

Kesi moja iliwahi kulitoa jambo hili vitongojini na kulipeleka kortini, nayo haihusu Mmeru. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri, alifariki Desemba 20, 1986. Alikuwa Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui, alikuwa wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, Mkikuyu. Walikuwa na nyumba Langata, mtaa wa watu wenye nafasi, na shamba Upper Matasia karibu na Ngong. Mjane alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia. Ukoo ukasema hapana, atazikwa Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Miezi mitano maiti ilikaa mochari, na Kenya nzima ikasoma magazeti kwa foleni.

Kesi ile inakumbukwa kama vita kati ya mila na usasa, au kati ya mume na mke, au kati ya makabila mawili. Mimi naisoma kama kesi ya nyumba. Upande wa mjane ulileta ushahidi wa maisha ya kitongoji: mtu aliyesoma Shakespeare, aliyekula mezani na watoto wake, ambaye watoto hao hawakulelewa Nyalgunga. Upande wa ukoo haukukanusha Langata. Ulisema tu kwamba Langata haitoshi. Mjaluo aweza kuwa na jumba Nairobi, lakini jumba lisilowekwa na wazee kwa taratibu zao ni makazi tu, hata liwe na bwawa la kuogelea. Jaji Samuel Bosire alikubaliana na ukoo, na Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na Bosire. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, bila mjane kuhudhuria.

Uamuzi ule ulihusu mila za Wajaluo, ila somo lake liliingia kila nyumba ya kitongoji nchini, ya Mmeru nayo ikiwemo. Mtu mwenye mali Nairobi alijifunza kwamba asipojenga kwao, watu wake watajua pa kumpeleka bila kumuuliza. Afadhali ajenge mwenyewe, tena pakubwa.

La kuchekesha ni kwamba kwa watu wa Mlima Kenya kaburi la shambani si jambo la kale. Zamani wengi wa Wakikuyu na Wameru hawakuzikwa kabisa. Mtu alipelekwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache. Misheni na serikali ya kikoloni ndizo zilizotuzoesha jembe na msalaba. Kilichoyafanya makaburi yang'ang'anie shamba ni hatimiliki. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotungwa katikati ya Hali ya Hatari, ulitaka vipande vya ardhi viunganishwe na kila mwenye shamba apewe karatasi yake. Karatasi ikaleta mpaka, mpaka ukaleta ugomvi, na katika ugomvi wa ardhi hakuna shahidi mkaidi kama kaburi la babu.

Basi tupande Kiirua tukaone hizo nyumba.

Hazikai pamoja. Hilo ndilo la kwanza linalomshangaza aliyezoea Runda. Kitongoji cha matajiri cha Kiirua kimetawanyika katikati ya viazi: hapa ghorofa moja yenye paa la vigae vyekundu, pale nyumba ya mbao na mabati ya tangu miaka ya themanini, halafu ng'ombe wawili, halafu ukuta mrefu wa mawe wenye nyaya za umeme juu yake, na ndani ya ukuta huo hakuna mtu. Madirisha yamefungwa na mapazia yanaonyesha mgongo. Barazani kuna sofa iliyofunikwa nailoni. Nyuma, katika chumba kimoja, anakaa mtunza nyumba, ambaye mara nyingi ni binamu au shangazi aliyeambiwa "ukae tu hapo, hakuna kazi kubwa". Kazi kubwa ipo. Yeye ndiye anayepokea lori la mchanga, anayehudhuria mkutano wa mradi wa maji kwa niaba, anayepiga simu: "Mzee, tokeni za stima ziliisha juzi." Mzee, ambaye ana miaka thelathini na minane, hutuma kwa M-Pesa akiwa kwenye foleni ya Githurai.

Hivi ndivyo tulivyopata ajabu ambayo akina Levitt hawakuifikiria. Mtu mmoja ana nyumba mbili, na kwa saa nyingi za maisha yake zote mbili hazina mtu. Ya Ruiru iko tupu mchana kwa sababu yuko kazini. Ya Kiirua iko tupu mwaka mzima kwa sababu yuko Ruiru. Desemba mambo hugeuka: Ruiru inakuwa kimya, na Kiirua inapata msongamano wa magari ambao siku nyingine haujui, huku mbuzi wakipanda bei bila kuulizwa.

Sisemi ni upumbavu. Nyumba ya Kiirua ni bima ya uzeeni, ni heshima kwa mama, ni jibu kwa wale wa ukoo waliosema mtoto huyu atapotelea mjini. Mtu akifutwa kazi Nairobi, kama walivyofutwa wengi mwaka 2020, ana pa kushukia na mzigo wake. Ninachosema ni kwamba gharama yake hailipwi na mwenye nyumba peke yake. Inalipwa na ardhi.

Maana kabla ya nyumba kuna ploti, na ploti ya Kenya ina kipimo chake cha taifa: hamsini kwa mia. Futi hamsini upana, mia urefu. Dalali atakuambia hiyo ni moja ya nane ya ekari. Mkamate mkono. Ekari ni futi za mraba 43,560. Moja ya nane yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Hizo 445 ziko wapi? Zidisha mara nane upate 3,560, na hapo ndipo barabara ya mtaa inapokatwa, ikiwa itakatwa. Ndiyo sababu katika ploti nyingi mpya gari la taka au la zimamoto likiingia halina pa kugeukia. Nchi nzima inajenga mitaa yake kwenye chenji iliyobaki baada ya kuuza.

Kiirua hamsini kwa mia ilianza kando ya soko, karibu na lami, mahali penye sababu: maduka, vyumba vya kupangisha wauguzi, walimu na wanafunzi. Haikukaa hapo. Shamba la ekari nne la baba likigawiwa wana wanne, kila mmoja ana ekari moja. Mmoja wao akiuza nusu ili amalize nyumba yake, dalali anakuja na kamba. Mahali palipokuwa panatoa magunia ya viazi pana ploti nne, vigingi vyenye rangi nyekundu na ubao uliosimama kwenye matope.

Sheria ilijua kwamba jambo hili lingetokea. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, Sura ya 302, inataka mauzo ya ardhi ya kilimo katika maeneo yanayodhibitiwa yapate kibali cha bodi. Bila kibali mkataba unakuwa batili. Watu huiita "land board", na wengi huikumbuka kwa viti vyake vigumu. Ni moja ya mabaraza machache ya serikali ambako muuzaji anaweza kuulizwa, mbele ya majirani, mama watoto anasemaje. Mwanaume aliyeuza kwa siri hugundua siku ile kwamba mkewe amekuja, tena na wana wakubwa. Nimesikia watu wa mjini wakiilalamikia bodi kuwa inachelewesha maendeleo. Ikichelewesha shamba la viazi kuwa ploti nane, mimi naiombea afya. Taabu ni kwamba bodi inatazama nani anauza na nani amekubali. Swali la nini kitaota baada ya kuuza linaachiwa ofisi nyingine, ambayo mara nyingi hufika nyumba ikiwa na paa.

Maji ndiyo yatakayoamua, nadhani, kabla ya sheria. Miradi mingi ya maji katika miteremko hii ni ya wanakijiji wenyewe: walichanga, wakachimba mtaro, wakavuta mabomba kutoka mito ya msitu wa mlima, na kila mwanachama akapewa mfereji wake na siku zake za kumwagilia. Mpango huo ulipigiwa hesabu ya familia moja kwa shamba moja. Ploti nane kwa shamba moja ni hesabu tofauti, hasa zikija na choo cha maji, mashine ya kufulia, na nyasi za bustani ambazo hazilishi ng'ombe.

Mnyama aliyeelewa mipango ya ardhi ya Buuri kuliko binadamu ni ndovu. Upande wa Timau, kupitia mashamba ya Kisima na Marania, kuna ushoroba wa kilomita kama 14 unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na Ngare Ndare hadi Lewa, na chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru pana njia iliyojengwa kwa ajili ya ndovu, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2011. Wanapita wakati wao, bila foleni, na hakuna aliyewauzia hamsini kwa mia katikati ya njia. Mwaka 2013 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika Urithi wa Dunia pamoja na mlima. Watu wa Kiirua hawajapata mpango wa namna hiyo kwa safari zao wenyewe, na wanazo.

Kwa kuwa sasa wapo wasafiri wa kila siku wa kweli. Ugatuzi ulipoanza 2013, kazi za ofisini ziliacha kuwa za Nairobi peke yake. Meru ikapata serikali ya kaunti, Isiolo ikapata yake, Laikipia pia, na Kiirua ikajikuta katikati ya miji mitatu yenye mishahara. Mtu anaweza kulala kwenye baridi ya Kiirua na kufanya kazi kwenye joto la Isiolo. Asubuhi Probox hujaa abiria kupita viti vyake, pikipiki huteremsha walimu na makarani hadi kwenye lami, na kinyume chao wanakuja wengine: wauguzi wa hospitali na walimu wa chuo cha ufundi wanaotoka Meru mjini. Hawa ndio wakazi wa kitongoji kwa maana ya Metro-land: kazi huku, kitanda kule, saa mbili za siku barabarani. Kwa kuwa hawana majumba makubwa, hakuna anayewaita hivyo.

Wengi wao wanapanga. Na hapa hesabu ya nyumba mbili inafunga mkanda wake. Yule mhasibu wa Ruiru, baada ya kumaliza jumba lake la Desemba, alijenga vyumba sita kando ya soko la Kiirua kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Muuguzi anayekaa chumba cha tatu hutuma kodi kwa M-Pesa kabla ya tarehe tano. Mwenye nyumba huijumlisha na za wenzake watano, akaongeza kidogo kutoka kwenye mshahara, akalipa mkopo wa nyumba ya Ruiru. Muuguzi, kwa upande wake, ameanza kuulizia ploti. Ameonyeshwa moja yenye vigingi vipya, nusu saa kwa miguu kutoka hospitalini. Dalali amemwambia ni moja ya nane.